Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Vikao vya kawaida vilikuwa vinne, warsha ya watafsiri ilikuwa moja, na faharasa yetu ya istilahi za mawasiliano yasiyotumia waya imefikia vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, 212, kati yake 38 vikiwa vya sura ya uteuzi wa mtandao. Hayo waliohudhuria wanayajua, wasiohudhuria nitawarudia.

Jambo lililoniletea barua tatu za malalamiko ni uamuzi wangu wa mwezi Mei. Waraka namba 23.122 wa 3GPP, ule muungano wa mashirika ya viwango vya simu za mkononi ulioundwa mwaka 1998, unaeleza simu inavyojitafutia mtandao inapowashwa: hurudi kwanza kwenye mtandao iliojiandikisha mara ya mwisho, ukikosekana huutafuta ule uliotoa laini, kisha hufuata orodha ya mtumiaji, kisha orodha ya kampuni, ndipo iokote wowote kati ya ile yenye mawimbi mazuri. Kamati ya Istilahi ilipendekeza mtandao uliotoa laini uitwe "mtandao mama", na ule unaoipokea simu ikiwa mbali uitwe "mtandao mwenyeji". Mimi niliagiza yachapwe "mtandao wa nyumbani" na "mtandao wa ugenini".

Nimeambiwa nimejitwalia madaraka. Naomba ieleweke kwamba kikao cha Mei kilihudhuriwa na watu saba ilhali akidi ni kumi na watano, mchapaji alikuwa akisubiri, na katiba inamruhusu mwenyekiti kuamua jambo la dharura. Zaidi ya hayo, neno "mwenyeji" lina maana mbili zinazovutana: ni anayekaribisha wageni, na pia ni mkaazi wa asili wa mahali. Mwenyeji wa Tanga hajamkaribisha mtu yeyote; ni mtu wa huko tu. Nililiuliza swali hili kwenye warsha, na kati ya watafsiri tisa, wanne walidhani mtandao mwenyeji ndio uliotoa laini. Ama "mama", waraka unaitambua pia mitandao inayohesabiwa sawa na ule wa nyumbani, na sikuwa tayari kuweka "mtandao mama mdogo" kwenye faharasa yenye jina langu.

Hoja nzito ya wapinzani wangu, na nakiri ni nzito, ni kwamba simu inaweza kuhudumiwa na mtandao wa kampuni nyingine ndani ya nchi yake yenyewe, na haipendezi kusema iko ugenini hali haijavuka mpaka. Lakini Yanga ikienda kucheza Mbeya iko ugenini, na hakuna shabiki anayeuliza pasipoti.

Mwezi Agosti nilivuka kutoka Kenya kupitia Namanga. Nilikuwa tayari upande wetu, nikiuona mnara wa kampuni yangu kwa macho, lakini jina la kampuni ya jirani lilibaki kwenye kioo cha simu mpaka nilipokaribia Longido na mawimbi yake kukatika. Simu haikuwa mbovu. Ikiwa ugenini, simu hurudia kutafuta mtandao ulio bora kwake kila baada ya muda ulioandikwa kwenye laini, kuanzia dakika 6 hadi saa 8, na laini isiposema kitu muda huo huwa dakika 60. Ila waraka unaiwekea mpaka, kwamba itafute tu mitandao ya nchi ileile ya mtandao unaoihudumia kwa wakati huo. Simu iliyoshikwa na 639, namba inayoitambulisha mitandao ya Kenya, haina ruhusa ya kuhangaikia 640, yaani ya Tanzania, hadi iachwe na mawimbi. Sasa jaribuni kuiandika kanuni hiyo kwa kusema "nchi ya mtandao mwenyeji", kisha mniambie msomaji atajua yuko upande gani wa mpaka. Kuhusu "uteuzi" badala ya "uchaguzi" hatukugombana, namshukuru Mungu.

Nasikitika kueleza hali ya ada. Wanachama ni 46. Waliolipa Sh 30,000 kamili ni 17, waliolipa nusu ni 9, na jumla iliyopatikana ni Sh 645,000. Uchapaji uligharimu Sh 480,000 na ukumbi Sh 200,000. Upungufu wa Sh 35,000 niliuziba kwa fedha zangu, na sijadai kurejeshewa, ingawa si vibaya ikaingia kwenye kumbukumbu. Kikao cha Novemba kilikuwa na watu wanne, mmoja wao akiwa mlinzi wa ukumbi aliyeingia kujikinga na mvua. Walioandika barua za malalamiko hawakuwamo, na wawili kati yao hawajalipa ada.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na fedha zikipatikana, kuiwasilisha faharasa BAKITA kwa ajili ya kusanifishwa, na pengine kuanza istilahi za Wi-Fi. Atakayetaka neno "mwenyeji" lirudi alete hoja kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza, akiambatisha stakabadhi ya ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti