YAH: MALALAMIKO YA KUKATWA NA KUGANDISHWA MCHORO WANGU WA AWALI

Meneja,
Kampuni ya Fremu za Picha,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa uchungu mkubwa. Niliwaletea mchoro wa awali wa penseli, uliochorwa Uingereza kwa ajili ya kitabu cha hadithi za njozi: joka limejikunja juu ya mnara, mkia wake umechorwa mara tatu kwa kuwa mchoraji alikuwa bado anautafutia mahali. Kwenye fomu niliandika, na mpokeaji wenu akagonga muhuri: "Usikate. Usitumie gundi."

Nimerudishiwa mchoro uliokatwa pande zote nne na kugandishwa mzima kwenye kadibodi kwa gundi ya mashine ya joto. Fundi akaniambia ameondoa "uchafu" wa pembeni.

Uchafu huo ndio nilionunua. Kwenye pambizo ya kushoto mhariri aliagiza kwa penseli ya bluu, rangi isiyotokea kwenye kamera za uchapaji za zamani, kwamba joka lishushwe ili jina la kitabu lipate nafasi. Chini palikuwa na namba ya ukurasa, na kwenye kona matundu ya pini. Nyuma, palipojaa gundi sasa, mchoraji alipaka penseli nzito ili akikandamiza mistari kwa mbele, mchoro uhamie kwenye karatasi ya mwisho. Picha iliyochapwa anayo kila mwenye kitabu. Safari ya kuifikia ilikuwa kwenye karatasi hii peke yake. Pauline Baynes, mchoraji Mwingereza, alipofariki mwaka 2008, karatasi zake za kazi zilikwenda kuhifadhiwa Williams College, Marekani. Hakuna aliyeziita uchafu.

Mchoro wa namna hii hushikizwa ukingo wa juu tu, kwa vipande vyembamba vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hulainika kwa maji kidogo. Nilimweleza hivyo mpokeaji wenu, na nilikuwa tayari kulipia na kusubiri.

Nataka vipande vilivyokatwa vitafutwe leo, hata kwenye pipa la taka, na nikabidhiwe vyote. Msijaribu kuubandua mchoro wenyewe, utachanika. Mnilipie gharama za mtaalamu wa kuhifadhi karatasi na mnirudishie fedha za fremu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, pamoja na nakala ya fomu yenye muhuri wenu.

Wenu,
Mteja