Nafasi ya kwanza Google si ya kuuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie matangazo madogo yanayozidi kuenea magazetini na mitandaoni, ya watu wanaoahidi kuifikisha tovuti ya mteja katika nafasi ya kwanza ya Google ndani ya siku 30, la sivyo fedha irudishwe. Mimi ni mfugaji wa nyuki, na huu ni mwaka wa saba tangu nianze kuendesha blogu kuhusu kazi hiyo. Niliwahi kuwa mteja wa mmoja wa watu hao, kwa hiyo ninayoyaeleza ni ya mtu aliyekwisha kulipa.

Nafasi hiyo haiwezi kuahidiwa kwa sababu si mali ya anayeiahidi. Google wenyewe, katika mwongozo wao kwa wenye tovuti, wanasema wazi kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba kulipia matangazo kwao hakuisogezi tovuti katika matokeo ya kawaida. Isitoshe, matokeo hutofautiana kulingana na lugha, mahali alipo mtafutaji na kifaa anachotumia, hata mtu akijiona wa kwanza kwenye simu yake mwenyewe bado hajui wengine wanaona nini. Mimi nilitumiwa na yule niliyemlipa picha ya skrini ikionyesha blogu yangu juu kabisa ya orodha, nikafurahi, hadi nilipoyasoma maneno yaliyotafutwa: yalikuwa sita, yamepangwa kwa namna ambayo sidhani kuna mtu aliyewahi kuyaandika isipokuwa yeye. Kwa maneno kama hayo kila tovuti duniani ni ya kwanza.

Sehemu kubwa ya fedha yangu ilikwenda kwenye viungo, yaani kurasa za watu wengine zinazomwelekeza msomaji kwangu, na hapa inafaa kueleza biashara hii ilitoka wapi. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kabla ya kuanzisha kampuni yao mwaka 1998, walikuja na wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama ushahidi, na kwamba ushahidi wa ukurasa ambao nao umeshuhudiwa na wengi una uzito zaidi. Wazo lilikuwa zuri, ila mashahidi wanaweza kukodiwa. Ukodishaji huo ulishamiri kwa miaka mingi, hadi Aprili 2012 Google walipotoa badiliko lililoitwa Penguin lililozilenga tovuti zilizojikweza kwa viungo vya hila. Mwaka mmoja kabla yake, badiliko lililoitwa Panda lilikuwa limezishusha zile zilizojaa makala nyepesi zisizo na kitu ndani. Yule bwana niliyemlipa aliendelea kufanya kazi kana kwamba miaka hiyo haijapita. Alinipachika viungo kwenye tovuti za kamari na za dawa za kupunguza unene, ambako mtu anayetafuta habari za mizinga hawezi kufika hata kwa kupotea njia.

Matokeo yake ni kwamba nilipokea taarifa katika Search Console, huduma ya bure ambayo Google huwapa wenye tovuti, kwamba blogu yangu inaelekezewa viungo visivyo vya asili na imechukuliwa hatua. Nilitumia miezi minne kuwaandikia wenye tovuti hizo niwaombe waviondoe, kuviorodhesha visivyoondolewa katika faili la kuvikana, yaani la kuwaomba Google wasivihesabu, na kuomba blogu ikaguliwe upya. Katika muda huo niligundua pia kwamba yule bwana alikuwa amezibadilisha anwani za kurasa zangu ili azijaze maneno ya kutafutwa, bila kuweka maelekezo ya kudumu ya kumpeleka msomaji kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, kwa hiyo kila aliyekuwa amehifadhi ukurasa wangu alikutana na namba 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupo. Vilevile alikuwa amepachika orodha ndefu ya maneno katika lebo iliyofichwa ndani ya ukurasa, lebo ambayo Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawaitumii kabisa kupanga matokeo. Nililipia hata hiyo.

Cha ajabu ni kwamba nilichokihitaji kilikuwa ndani ya ile ile Search Console tangu mwanzo. Huduma hiyo humwonyesha mwenye tovuti maneno halisi ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wake ukaonekana, umeonekana mara ngapi na umefunguliwa mara ngapi. Nilikuwa na makala niliyoipenda mno, nikaipa kichwa "Siri ya kundi tulivu", na kwa miaka miwili haikusomwa. Nilipoangalia nikakuta watu wanaoifikia wameuliza kitu kilicho wazi kabisa: kwa nini nyuki wamehama mzinga. Nilibadilisha kichwa kiwe swali hilo, nikahamishia jibu kwenye aya ya kwanza badala ya kulizika chini ya hadithi ya namna nilivyoanza ufugaji (hadithi ambayo, nakiri, iliniuma kuikata), nikaunganisha ukurasa huo na makala zangu nyingine kuhusu sisimizi na upungufu wa chakula. Ndani ya miezi michache ukawa ndio unaosomwa kuliko kurasa zangu zote. Hakuna fedha iliyotoka.

Kazi nyingine ni za usafi tu. Picha ya mzinga niliyokuwa nimeiweka ilikuwa na megabaiti sita, nzito mno kufunguka haraka, wakati kipimo cha Google kinataka kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwenye skrini kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Mwenzangu mmoja naye alikaa miezi mitano akilaumu mashine za kutafuta, kumbe katika mipangilio ya WordPress, programu aliyojengea tovuti yake, kulikuwa na alama ya tiki inayoziomba zisiiorodheshe tovuti, iliyowekwa wakati wa ujenzi na kusahauliwa. Aliiondoa kwa kubonyeza mara moja.

Hata bidhaa yenyewe inayouzwa imepungua thamani. Tangu mwaka 2024 Google wamekuwa wakiweka juu ya matokeo mengi jibu lililotungwa na akili bandia, na msomaji aliyeridhika nalo haoni sababu ya kufungua ukurasa wa mtu yeyote, awe wa kwanza au wa kumi. Mimi naona jambo hili si la haki kwa wanaoandika makala ambazo majibu hayo hutungwa kutokana nazo, lakini huo ni mjadala wa barua nyingine.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba kabla gazeti halijapokea tangazo la aina hii, anayelileta aulizwe ni nafasi ya kwanza kwa maneno gani, yanatafutwa na watu wangapi kwa mwezi, na jina la kikoa (yaani anwani ya tovuti inayosajiliwa na kulipiwa) na nywila za tovuti vitabaki mikononi mwa nani. Hilo la mwisho nalitaja kwa uchungu. Kikoa changu kilisajiliwa kwa jina la yule bwana, nami nilijua hivyo siku muda wake ulipokaribia kuisha na barua ya kukumbusha malipo ikatumwa kwake, si kwangu. Kukirejesha kulinigharimu kuliko mkataba wote.

Wako,
Mfugaji wa nyuki na mwendesha blogu