Salamu za shukrani: ndoa ya Mama yetu

Sisi watoto wanne, pamoja na ndugu zetu wapya wa Same, tunawashukuru kwa dhati wote mliotushika mkono mpaka Mama yetu akafunga ndoa Jumamosi iliyopita hapa Marangu. Bibi harusi ana miaka 63, bwana harusi 68.

Wengi mmetuuliza walijuana wapi. Ni kwenye treni. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya kusimama zaidi ya miaka 20, Mama alisema lazima aipande, maana ndiyo iliyompeleka chuo cha ualimu. Mbele yake akaketi mzee mstaafu wa reli, akawa anamtajia kila stesheni kabla hawajaifikia: Korogwe, Mombo, mpaka kwao Same. Aliposhuka aliacha namba ya simu nyuma ya tiketi. Tiketi hiyo imekaa kwenye Biblia ya Mama miaka yote, nasi tumeonyeshwa mwaka jana tu!

Shukrani za pekee ziwaendee baba zetu wadogo. Mjane wa Kichagga kuolewa nje ya ukoo si jambo dogo, na maneno ya kihamba, yaani shamba la ukoo, yalishaanza chini chini. Mama alikwenda mwenyewe kwa shemeji yake, mkononi ana isale, jani letu la kuombea amani, mjukuu akimfuata na mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba Mdogo alilipokea lile jani, akalizungusha vidoleni, kimya, mpaka povu la mbege likatulia kwenye kata ya kibuyu. Kisha akasema, "Kaka hakukuoa ili uje uzeekee peke yako." Basi. Kihamba kimebaki kwetu watoto, Mama ameondoka na sanduku lake na kuku sita.

Wajomba, bila ninyi tungeumbuka. Barua ya posa ilipofika hatukujua pa kuanzia. Nani amewahi kukaa kupanga mahari ya mama yake? Mlituambia tukapike, mkayamaliza na mshenga kabla chai haijapoa.

Wakwe zetu Wapare, mlikuja na utani wenu wote. Yule aliyeangusha sarafu ya shilingi 200 mlangoni ili aone kama bibi harusi atageuka, ajue kwamba Mama aligeuka, akaiokota, na hairudishi. Makande yenu yaliisha kabla ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kukatwa, na hilo Wachagga hatutalisema tena mbele ya watu.

Tunamshukuru Mchungaji wetu na usharika mzima. Kwaya ya akina mama, umeme ulipokatika katikati ya maharusi kuingia mliendelea kuimba bila vyombo, na kwa maoni yangu mimi binti mkubwa, ingefaa ukatike mapema zaidi. Asanteni kamati, majirani mliolivuta gari la viti kutoka kwenye tope, na ninyi mliochangia kwa simu kutoka mbali. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, Mungu awazidishie pale mlipopunguza.

Mwisho, kuna sufuria kubwa lililopikiwa makande limebaki jikoni kwetu, mfuniko wake umefungwa kwa waya. Mwenyewe aje alichukue mapema, maana tunavyowajua watani zetu, tutaitwa mahakamani kwa ajili ya mfuniko tu.