Barua ya wazi kwa wifi aliyemwaga maji ya achari

Wifi yangu,

Jumapili ile ulipokuwa unaosha vyombo, nilikuona ukimimina kwenye sinki maji yaliyobaki kwenye chupa ya achari. Nilinyamaza, maana kaka alikuwa sebuleni na sikutaka adhani tumeanza tena. Leo nasema mbele za watu, unisamehe.

Yale maji, wifi, ni siki, chumvi na pilipili iliyokwisha kukolea embe. Mimi huyalazia uyoga.

Chukua uyoga wa mamama robo kilo, ule wa pakiti. Wa kuokota porini uache, hata kama unajiona unaujua. Kuna uyoga ambao sumu yake haitoki hata ukichemka kutwa. Kata kitako kigumu, uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, kisha uchemshe kwa maji ya chumvi dakika 5. Utanywea mpaka ujiulize umeibiwa, kwa kuwa karibu sehemu 9 kati ya 10 za uyoga ni maji. Uchuje, ukipoa uukamue kwa kiganja. Hapa usifanye haraka: uyoga uliojaa maji siki itapita wapi?

Maji ya achari peke yake hayatoshi, ukali wake umeshanywewa na embe. Changanya na siki mpya kwa kipimo kilekile, tia kijiko cha sukari na pilipili manga, halafu fungua friji uone kuna nini. Nusu kitunguu kilichosahaulika, kipande cha hoho, punje mbili za saumu, mashina ya giligilani (najua nayo unayatupa). Vichemke pamoja kidogo, umimine vya moto juu ya uyoga kwenye chupa safi.

Mafuta tia kwenye sahani, wakati wa kula. Saumu ikikaa ndani ya mafuta nje ya friji inaweza kuzaa sumu isiyo na harufu wala ladha. Chupa yenyewe ikae kwenye friji tangu ipoe, na uimalize ndani ya wiki. Kesho yake ndiyo inakolea; mimi huila na mihogo ya kuchemsha.

Moja nimempa kaka akuletee. Ukimaliza nirudishie chupa yangu. Maji yake yatakuwa yamechoka, hayo mwaga.

Wifi yako