Mkanda wa jeshi: tusimcheleweshe mgonjwa kwa maneno

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi. Naandika kutoka Nkuhungu hapa Dodoma, naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni miezi sasa, na kila nikimwona baba mkubwa anashika shati lake kwa vidole viwili analivuta mbele lisimguse mbavuni, roho inaniuma upya.

Baba mkubwa ana miaka 66, analima zabibu Mpunguzi. Alianza kusikia kama moto ubavu wa kulia, akajua ni uchovu wa kupogolea mizabibu, akanywa panado akaendelea na kazi. Siku ya tatu vikatoka vipele vya maji, vimejipanga kuanzia mgongoni vinazunguka mpaka chini ya chuchu, upande mmoja tu. Duka la dawa wakampa tyubu ya fangasi. Jirani mmoja akasema huo ni mkanda wa jeshi umetupiwa na mtu na ncha zake mbili zikikutana tu basi mzee kwisha, akapakwa majivu na unga wa mizizi. Mwingine akanong'ona lakini sisi tuliokaa karibu tulisikia, "mzee ana ngoma." Baada ya hapo wazee wenzake waliokuwa wanakula nae sinia moja wakaacha kuja, mama mkubwa akawa anapika kidogo kidogo maana chakula kilikuwa kinabaki. Sisi watoto tuko mjini tunaambiwa tu mzee ana vipele. Tulimfikisha hospitali siku ya tisa.

Daktari alimuuliza swali moja tu, mzee utotoni uliwahi kuumwa tetekuwanga? Akakumbuka vizuri, walikuwa watoto wanne kwenye tembe moja, bibi yetu akawafungia ndani akawa anawaogesha maji ya mwarobaini. Daktari akamwambia basi ni kirusi yule yule, hajawahi kutoka mwilini mwako, alikuwa amelala.

Mhariri, hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza, na nataka wasomaji waelewe hili hata kama mengine watayasahau. Kirusi cha tetekuwanga ni cha ukoo wa hepesi, na tabia ya ukoo huu wote ni kwamba akishaingia mwilini haondoki tena. Vipele vikipona yeye anarudi nyuma kwa njia ya neva (mishipa ya fahamu) anajificha kwenye vifundo vya neva pembeni ya uti wa mgongo, anakaa humo miaka hamsini au sitini bila kukusumbua. Sasa kwanini hasumbui? Sio kwamba kachoka. Analindwa asiamke.

Waliokulia vijiji vya huku wanajua kuamia. Uwele ukianza kukomaa mtoto anapanda dunguni na kombeo lake toka alfajiri, kazi yake sio kuwamaliza kwelea kwelea, nani ataweza kuwamaliza? Kazi yake ni kuhakikisha hawatui. Akisinzia nusu saa tu shamba limekwenda. Kinga ya mwili inawafanyia hivi virusi vilivyolala jambo linalofanana sana na hilo. Kuna chembe nyeupe za damu zinaitwa seli T, zinazunguka na nyingine zinaweka kambi kabisa palepale kwenye neva. Kwa kawaida seli T ikikuta seli yenye kirusi inaiua, lakini seli za neva ni za thamani, ukiiua huna nyingine ya kuweka pale, kwahiyo watafiti wa Marekani mwaka 2008 walionesha kwa panya wenye kirusi cha hepesi ya mdomoni (ndugu wa huyu wetu) kwamba seli T zinaweza kukaa ubavuni mwa neva na kukatakata protini ambayo kirusi anaihitaji ili aamke, na neva yenyewe ikabaki hai. Mi niliposoma hapo nilikaa kimya kidogo. Mwili wako unafanya hiyo kazi usiku na mchana na wewe hujui.

Mwaka 1965 daktari mmoja wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, ambae alikuwa anatibu watu wa kawaida kwenye mji mdogo, aliandika kwamba mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ile ile ya zamani imeamka baada ya ulinzi kushuka. Na ulinzi unashuka kwa sababu nyingi. Kubwa ni umri, kuanzia miaka 50 hivi seli T za kumkumbuka huyu kirusi zinapungua hata kama antibodi (protini za kinga zinazomtambua) bado zimo kwenye damu. Dawa za saratani zinashusha, na dawa wanazopewa waliopandikizwa figo, maana hizo zinashusha kinga makusudi ili mwili usiikatae figo. Na VVU pia, kwasababu VVU vinakula seli T zenyewe, na ndo maana miaka ile kabla ya dawa za kufubaza tuliona vijana wengi na mkanda wa jeshi na maneno yakaanzia hapo. Kwahiyo kijana akiupata ni vizuri apime, akikutwa navyo aanze dawa na kinga yake itapanda. Lakini kumwangalia mtu vipele ukamsomea majibu ya damu ni kumwonea. Baba mkubwa alipimwa, hana. Na hata angekuwa navyo, je, ndo aachwe ale peke yake?

Hili la ncha kukutana naomba tuliache kabisa. Kila neva inahudumia ukanda wake wa ngozi upande mmoja, kulia au kushoto, ndo maana vipele kwa kawaida vinaishia katikati ya mwili havivuki. Hata jina lake la kitaalamu, zosta, ni Kigiriki, maana yake mkanda. Na hauambukizi mkanda, ila maji ya vile vipele yakimgusa mtoto ambae hajawahi kuugua tetekuwanga anaweza kuipata tetekuwanga, kwahiyo funika vidonda, sinia mnaweza kula pamoja.

Kilichotuponza sisi ni siku. Dawa ipo, inaitwa asaiklovia, ila inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya masaa 72 toka vipele vitoke, na mzee alifika zimeshapita siku na siku. Vipele vimekauka lakini neva imebaki imeumia, miezi mitano sasa, upepo tu wa Dodoma ukimpiga ubavuni anakunja uso.

Ombi langu kwako Mhariri, ukurasa wenu wa afya uandike kuhusu mkanda wa jeshi kwa lugha hii hii ya mtaani, na wenye maduka ya dawa wakiona vipele vya upande mmoja vyenye maumivu ya moto wasiuze tyubu, wamwambie mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, hasa vikiwa usoni karibu na jicho maana jicho linaweza kupotea.

Wiki mbili zilizopita dereva mmoja wa bajaji hapa mtaani alitokewa na vipele kwenye paji la uso, akawa anajificha ndani na kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Baba mkubwa alikuwa amekuja kliniki kafikia kwangu, akasikia, akaomba apelekwe. Alifika akakaa nae kitandani, akafungua vifungo vya shati akamwonesha makovu yote toka mgongoni mpaka kifuani, akamwambia mwanangu mi nilisubiri siku tisa, wewe vaa viatu twende.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma