Tuziache njia za utoro wa maji wazi kabla ya kuomba malambo mapya

Mhariri,

Kila kiangazi kinapokaza, kurasa za gazeti lako hujaa maombi ya malambo mapya, hasa kutoka mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Tabora. Siyapingi, kwa sababu mfugaji anayeswaga ng'ombe kutwa nzima akitafuta maji hahitaji kuelezwa faida ya lambo. Ninaloomba nafasi nilieleze ni kwamba malambo tuliyo nayo tayari yameachwa bila mwenyewe, na tuta la udongo lisilotazamwa na mtu ni hatari kwa kaya zilizo chini yake, hata kama kimo chake hakifiki mita 6.

Matuta mengi ya udongo hubomoka kwa sababu maji yamepita juu yake. Ukuta wa zege huweza kustahimili jambo hilo kwa saa kadhaa, lakini udongo hauwezi: maji yakianza kuteremka upande wa nyuma huchimba mfereji, mfereji hula tuta kurudi juu, na baada ya muda mfupi maji yote yaliyokusanywa msimu mzima hutoka kwa mkupuo. Kwa ajili hiyo mjenzi huacha utoro, yaani njia ya kutolea maji, pembeni, chini ya kilele cha tuta, ili maji ya ziada yapate pa kutokea bila kugusa tuta lenyewe.

Kijijini kwetu utoro huo tunauziba wenyewe. Ifikapo Machi, lambo likikaribia kujaa, watu hupanga viroba vya mchanga mdomoni mwa utoro ili maji yapande zaidi, na wavuvi nao hutanda nyavu papo hapo ili kambale na perege wasiondoke na maji. Mvua kubwa ya usiku ikishusha matawi, mabua ya mtama na takataka za mashambani, vyote hunasa kwenye nyavu hizo, na asubuhi unakuta maji yamebakiza shubiri moja kufika juu ya tuta huku utoro ukichuruzika tu.

Wanaofanya hivyo si wajinga. Huku kwetu mvua hukoma Aprili au Mei na kurejea mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na katika miezi hiyo jua na upepo peke yake huweza kupunguza maji ya lambo kwa kimo cha zaidi ya mita moja kabla ya kuhesabu ya kunyweshea. Kwa mtu mwenye mifugo, safu mbili za viroba ni wiki kadhaa za nafuu. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo imemegwa kutoka kwenye nafasi iliyoachwa makusudi kwa ajili ya gharika. Anayetaka maji mengi zaidi aondoe tope lililojaa ndani ya lambo wakati wa kiangazi, tena achimbe mbali na mguu wa tuta. Na kama tuta linapaswa kuinuliwa, mhandisi aitwe, kwa kuwa utoro nao lazima ubadilishwe.

Liko pia suala la udongo wenyewe. Sehemu nyingi za kwetu ni mbuga nyeusi, udongo unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mwezi Septemba unaweza kuingiza mkono mzima katika nyufa za juu ya tuta. Mvua za kwanza huingia humo. Ongeza mashimo ya panya, njia za mchwa, mizizi ya miti iliyoachwa ikakua juu ya tuta, na ng'ombe wanaokatiza hapo kwenda majini kwa sababu koki ya birika la kunyweshea mifugo imeharibika na hakuna wa kuitengeneza. Baya zaidi ni visima vifupi vinavyochimbwa kwenye mguu wa tuta, upande wa nyuma, kwa kuwa maji hupatikana karibu. Maji yanayovuja hapo yakiwa meupe na kidogo, huenda hayana neno. Yakianza kutoka na tope, tuta linaliwa kwa ndani, na walio bondeni wanapaswa kuhama siku hiyo hiyo.

Asiyeamini kwamba bwawa la udongo linaweza kuua akumbuke Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ambako usiku wa Mei 9, 2018 bwawa la shamba la mtu binafsi lilibomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa na kumpa mmiliki wajibu wake. Lakini mmiliki wa lambo la kijiji ni nani? Ukiuliza upande wa maji, unaambiwa ni la mifugo. Ukienda kwa mifugo, unaambiwa mradi ulishakabidhiwa kijiji. Na kijiji hakina fungu wala fundi. Nimewahi kuhudhuria makabidhiano ya namna hiyo: hotuba zilikuwa ndefu, na hakuna aliyeacha mchoro wa tuta.

Ninapendekeza bodi za maji za mabonde, pamoja na halmashauri, ziandike jina la mhusika mmoja kwa kila lambo na kulibandika katika ofisi ya kata, na kila mwaka kabla ya mwezi Oktoba kwisha mtaalamu alitembee tuta lote pamoja na kamati ya kijiji, nyufa zishindiliwe, vichaka vifyekwe na utoro usafishwe. Sehemu ya ada ya kunyweshea mifugo itengwe kwa kazi hiyo. Nyavu ziruhusiwe ndani ya lambo, lakini utoroni zipigwe marufuku kwa sheria ndogo ya kijiji yenye faini inayotozwa kweli, hata kama mwenye nyavu ni mjumbe wa kamati, kama ilivyo kwetu.

Msomaji wako,
Kishapu, Shinyanga