Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Duka la Kona na Thamani Yake

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa yangu karibu yote inahusu jambo lililoishughulisha kamati kuliko mengine: lile duka la kona la Kisutu, Dar es Salaam, ambalo mwenye nyumba anataka kulikata liwe fremu tano, yaani vyumba vitano vidogo vya kupangisha biashara.

Nianze na sheria, maana wengi mmeuliza kwa nini hatuendi tu Idara ya Mambo ya Kale duka likaandikishwa, mambo yakaisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kwa kipimo hicho hata Boma la Kale, lililojengwa mnamo 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid, lingebaki nje. Jengo la baada ya hapo hulindwa pale tu waziri mhusika anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Sheria hiyohiyo inalinda pia milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, ila ya kwetu ni mbao za kuranda tu, haina ua wala mnyororo wa nakshi. Kwa hiyo hadi leo duka hili halina kinga. Tulicho nacho ni kibali cha ujenzi, ambacho mwenye nyumba lazima akiombe halmashauri, na masikilizano naye. Maombi kwa wizara tunayaandaa, lakini asiwepo wa kukaa akiyasubiri.

Sasa, thamani yenyewe. Kona ya jengo imekatwa mshazari na ndipo ulipo mlango mkuu. Kila upande wa mtaa una milango miwili ya mabawa manne. Asubuhi mabawa yakikunjwa, duka linatazama mitaa miwili kwa mpigo, na muuzaji akiwa kwenye kaunta anamwona kila anayekuja. Nyuma kuna ghala, ua na vyumba vya familia, mpango wa maduka ya Uhindini wa tangu enzi ya Mjerumani na Mwingereza: biashara mbele, maisha nyuma. Kaunta ni ubao mmoja wa mvule. Pale mizani ilipokaa miaka yote pamelika mviringo, na upande wa muuzaji kuna tundu jembamba la kudondoshea sarafu ndani ya saraka. Sakafu ni saruji nyekundu, na imefifia kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi kaunta, kwingine bado inang'aa.

Ukubwa wake pia una historia. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, maghorofa mengi ya mitaa hii yaliingia kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kijumba hiki kilipita chini ya kiwango, ndiyo maana leo tunazungumza na familia. Kisha ikaja Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi yalipotakiwa yafungwe yapishe ya ushirika, na baadaye miaka ya duka la kaya, la kuuzia bidhaa za mgawo, na foleni za sukari. Wazee wa mtaa wanaokumbuka kaunta hii ikipimiwa mgawo bado wapo. Kwa maoni yangu hilo lina uzito sawa na matumbawe ya ukutani, na ndilo linalopotea upesi zaidi.

Tuje kwenye hali ya jengo. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, unene wa sentimita 50 hivi. Hazina nguzo wala mkanda wa zege. Mzigo wa paa unashuka kwenye ukuta wenyewe, na pembe ya kona inabeba pande mbili. Ukuta wa namna hii unanyonya maji na kuyatoa, na chokaa inauruhusu. Tatizo ni plasta ya saruji iliyopigwa nje zamani kidogo, ikapakwa juu yake rangi ya mafuta. Maji yanaingia, hayapati pa kutokea, chumvi ya matumbawe inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Ukigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini hadi usawa wa kifua, karibu kote panalia kama debe tupu, yaani plasta imeachana na ukuta. Fundi aliyeshauri tuongeze saruji "yenye nguvu zaidi" alikuwa anamwongezea mgonjwa ugonjwa.

Utaratibu tuliokubaliana na fundi mwingine ni huu. Plasta ya saruji itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine, kwa sababu mtikisiko unalegeza mawe. Ukuta uachwe wazi ukauke kwa miezi, wala si wiki mbili. Kazi ianze masika yakishakatika, tupate kipupwe chote. Chokaa ya mfuko iloweshwe iwe uji mzito na ikae wiki kadhaa kwenye pipa lenye maji juu yake. Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga uwe wa mto. Wa pwani unarudisha chumvi ileile tunayoikimbia. Kila koti lisizidi milimita 10 hivi. Ukuta uloweshwe kwanza, kisha plasta ifunikwe kwa magunia mabichi kwa siku zisizopungua tano. Ikikauka haraka kwa jua inakuwa unga. Juu yake ni maji ya chokaa tu, rangi ya mafuta marufuku.

Lakini hayo yote ni bure kama maji ya juu hayakudhibitiwa. Nyuma ya ukuta wa mbele unaoficha paa kuna gata ya bati, na bomba la kushushia maji ni moja tu. Majani ya mwarobaini na mifuko vikiliziba, maji yanafurika kuelekea ndani ya ukuta, na barabarani huoni kitu. Chini nako lami imepandishwa mara kwa mara hadi baraza iko karibu sawa na barabara, kwa hiyo mvua ikinyesha sana maji yanaelekea mlangoni. Ndiyo sababu miguu ya fremu za milango imeoza na kuliwa na mchwa. Dawa si kutupa mlango mzima: ikatwe sehemu mbovu, iungwe kwa mshazari mbao ya mninga au mvule.

Kuhusu fremu tano, tatizo ni kubomoa ukuta karibu na pembe ili kupata milango mipya ya chuma. Mnaokumbuka ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka Machi 2013 mnajua mtaa huu hauhitaji mzaha wa ujenzi. Pendekezo la kamati ni wapangaji watatu, kila mmoja atumie mlango uliopo, na ndani wagawanywe kwa mbao zisizofika darini. Kaunta ibaki mahali pake kwa mpangaji wa kona. Mwenye nyumba anahesabu kilemba, yaani fedha ya kuingilia, cha fremu tano, na hilo tusilidharau, yeye si adui. Tumempa hesabu nyingine: gharama ya linta (boriti ya juu ya mlango), kibali na hatari ya ufa, dhidi ya kodi ya fremu mbili anazozikosa. Bado hajajibu. Naomba mkutano uiruhusu kamati iendelee na mazungumzo hayo, na ikatae mapendekezo ya kuligeuza makumbusho. Duka liuze unga, sabuni na vocha.

Gata lazima isafishwe kabla ya vuli, na vipimo vya jengo zima vikamilike kabla maombi hayajapelekwa. Wanaojitolea wajiandikishe kwa katibu leo. Ngazi ipo, ila futi kamba ndefu hatuna. Mwenye ya mita 30 aje nayo.

Mwenyekiti